Sikio Chini ya Udongo

12, mwezi wa pili
Mvua. Mwalimu wa alfabeti ku parokia alisema: bamama, kama mukono hauandike kila siku, utasahabu. Mi sikukanyaga shule hata siku moja. Baba yangu alisema shule ya binti ni jembe. Sasa niko muzee, baba alishakufa, hakuna wa kunizuiza. Naandika: mvua.

14
Mvua tena. Pikipiki ilipita mu barabara, nikatoka mbio kuangalia. Haikuwa yeye.

17, siku ya posho
Tania, mutoto wa mutoto wangu, amepanda kutoka Baraka na wageni. Siku za masomo analala kwa mama-mudogo wake mu cité, kule mujini, huku kwetu mulimani anakuja posho, mwisho wa juma, shule ikiisha. Wageni ni ba université: bibi mumoja kijana, jina Arlette, na mwenzake Guy, mwenye alikuwa anabeba sanduku kama muntu anabeba mutoto mugonjwa. Arlette mikono ni kama mishikaki. Nilimuuliza: "Kule université banakulaga nini, chaki?" Akacheka. Nilimupa bugali na ndagala, akamaliza, sasa tunasikilizana.

Kazi yao ni kufundisha batoto ba shule kusikiliza dunia. Arlette anasema ziwa letu limelala mu ufa, huku kwetu na kule Tanzania tunaachana polepole, na udongo ukijivuta tunatikisika. Nikamwambia kutikisika tunajua tangu zamani. "Ndiyo, Mama," akasema, "munajua kwa miguu. Tunataka batoto bajue kwa hesabu." Jibu nzuri. Nilimuongezea ndagala.

Mashini yao ni ya chuma, kubwa kama sufuria ya maharagi, na inazikwa. Ku shule haiwezekane juu batoto banakimbia. Ku ziwa haiwezekane juu ya mawimbi. Tania akawaza lupango yangu, huu uwanja wa nyumba.

"Mama, hapa ni kimya?" Arlette aliniuliza.

"Mwanangu, tangu vita ile, mulima huu una bantu bengi chini yake. Bote bananyamaza."

Guy aliacha kuchimba, jembe juu. Nikamwambia: "Chimba, chimba. Hapo hakuna muntu. Bako kule nyuma ya mihogo."

Halafu nikauliza mashini inasikia nini.

"Haisikie maneno, Mama. Unaweza kututukana hapa paka jioni, haitajua. Inasikia chini tu. Jiwe likipasuka kule Kalemie, tetemeko inatembea ndani ya udongo, inafika hapa."

"Na Misisi?"

"Misisi ni karibu."

Tania alinama, akaangalia miguu yake. Balifunika na udongo, bakaacha waya na kioo cha jua. Mi naiita Sikio.

18
Niseme sasa, juu karatasi haina haraka kama bantu. Eugène ni mutoto wangu, mumoja tu mwenye alikomaa. Ni baba ya Tania. Alienda Misisi kuchimba zahabu. Mvua ilijaa mu shimo, shimo likajifunga na bantu ndani. Habakutoa hata mumoja. Wenye shimo balisawazisha udongo, bakafungua lingine pembeni. Tangu hapo masika tatu yamepita. Wenzake baliniletea buti zake. Mi nikasema: muntu anaingia mu shimo bila buti, hizi zinanionyesha nini? Mumoja akasema alimuona ku soko ya Salamabila ananunua radio. Mwingine alimuona Lulimba na ndevu ndefu. Eugène ndevu hazimuotagi. Lakini nilimupa yule muntu kuku.

Hapa kwetu, muntu akipotea bila mwili, tunazika mugomba. Tunakata shina la ndizi refu kama yeye, tunalivalisha shati yake, tunalia, tunalilaza mu udongo. Halafu mujane anaoga mu ziwa, anarudi kati ya bantu. Élie, ndugu mudogo wa marehemu bwana yangu, ananiomba hiyo kila mwaka. Mwaka huu amesema ni mwisho: mvua isiishe mbele ya kilio. Nimekataa. Mugomba haukunyonya kwangu.

24, posho
Tania na wenzake balikuja na komputa, bakaunga waya. Mustari mumoja unatembea kama siafu. Tania ananionyesha: hapa ni ziwa, hapa ni pikipiki, hapa ni upepo ku mwembe wa Cassilde, jirani yangu. Anafurahi, macho yake ni ya baba yake.

26
Eugène mutoto alipendaga kuogelea. Ukiita na mudomo hakusikii, maji yako mu masikio. Nilikuwa napiga kinu tupu na mutwangio, kwa ginsi yangu. Kila mama ana ginsi yake. Anatoka kule chini anapanda mulima analowana, anauliza: "Mama, kuko chakula?"

Kama udongo unaleta sauti toka Kalemie paka hapa, unaweza pia kuipeleka.

Émilienne, bibi ya Eugène, mama ya Tania, anashuka ku ziwa mbele ya jua kutoka, kununua ndagala ya kuuzisha. Alipoenda, nikavuta kinu karibu na Sikio. Nikapiga.

28
Mvua. Nimepiga.

1, mwezi wa tatu
Nimepiga. Cassilde akatokea ku uzio. Huyu ni mukimbizi wa Burundi, analima kipande pembeni yangu, mudomo wake haujui kufunga.

"Mama Eugène, unatwanga nini hapo?"

"Sombe."

"Kinu ni kitupu, naona chini yake!"

"Basi natwanga mambo ya bantu ba kuchungulia."

Alicheka paka akashika uzio. Mi pia nilicheka. Halafu alipoenda, ilikuwa kama muntu amesimama nyuma yangu ananisikiliza.

2, posho
Nitaandika vile naweza.

Tania aliunga waya, akatazama, akaita wenzake, bakaanza kusema kifaransa mbio mbio. Halafu akanikimbilia.

"Koko! Mashini imesikia kitu! Asubuhi, jua likitaka kutoka. Vidogo vidogo, vinafuatana. Si pikipiki, si ziwa. Kama muntu anagonga!"

"Anagonga wapi?"

"Chini, Koko. Hatujue."

Nilikaa juu ya jiwe. Mashini haisikie maneno yetu, Arlette alisema. Inasikia chini tu. Mi nagonga huku juu, na chini kuko mwenye anagonga. Saa ile ile.

Sikumwambia Tania. Muntu hawezi kumupa mutoto kitu kama hiki mbele hajakishika vizuri mwenyewe. Nilimupikia yai.

3, yenga
Ku misa sikusikia hata neno moja. Nilikuwa naangalia sakafu.

9, posho
Yumo. Tania anasema kila asubuhi, ila siku ya yenga tu. Njo hivyo, siku ile nilienda misa ya kwanza, sikumuita. Ananifuata mi. Tania amemupigia Arlette simu. Arlette anasema andikeni yote, musiseme haraka. Batoto bamefurahi, bataonyesha hii kitu ku shule mwezi wa tano, mbele ya ba université bote.

13
Élie alikuja. Alikunywa chai yangu yote, kisha akaanza.

"Shemeji, tuseme ya mugomba."

"Sema ya mugomba kwa mbuzi, hao banakulaga."

"Émilienne ni kijana. Si mujane, si bibi ya muntu. Dada yake anaolewa, yeye anakaa ku mulango kama mugonjwa, hawezi kucheza, hawezi kulia. Weye unaona hiyo ni vizuri?"

"Bwana yake akija atacheza."

Élie hana ubaya, ana haraka tu. Nilitaka kumwambia: mutoto wa ndugu yako anagonga. Nikafunga mudomo. Aliacha kikombe, akaenda bila kuaga.

20
Ziwa limepanda. Nyumba za ku pwani maji yameingia, bantu banatoa magodoro na kuku. Nimepiga.

25
Nimepiga. Usiku wote nilikuwa namuota, mudomo umejaa udongo. Asubuhi nikaongeza nguvu.

2, mwezi wa ine
Niandike ugomvi.

Émilienne alirudi mapema, maji yalimuzuia. Akanikuta na mutwangio mu mikono. Aliweka karai chini, akavua kitambaa, akasema atavaa nguo nyekundu ku harusi ya dada yake. Nyekundu! Nikamwambia hata mbwa anangoja mwenye kumufuga. Nikamwambia amemuchoka mutoto wangu, anataka azikwe mbio ili apate mwingine. Nilisema na mengine. Siyaandike, yalikuwa mabaya.

Émilienne hanijibagi. Tangu alipoolewa hakunijibu hata siku moja, na mi nilizani ni kiburi. Leo amejibu.

"Mama, mi niko nani? Niambie. Ku soko banauliza kama bwana yangu alikufa, nasema sijue. Padri ananiuliza, nasema sijue. Nalala upande mumoja wa kitanda, Mama, kwa masika tatu, sigeuki, juu nawaza akirudi atalala wapi. Weye unazani niko nangoja kumuzika? Mi naomba ruhusa ya kumulilia! Unasema tusimulilie muntu muzima. Sawa. Mi nimejaa kama lile ziwa pale, litaenda wapi?"

Aliingia mu nyumba. Nilisikia hakulia. Hiyo ilikuwa mbaya kuliko angelia.

Nilitaka kumufuata nimwambie: vumilia, anagonga. Nikabaki pale. Miaka yote nilimuona kama muntu mwenye anasukuma mulango aufunge. Kumbe alikuwa anaushika usifungike.

9
Udongo umetikisika leo, kweli kweli. Sahani zilianguka, Cassilde alitoka na sabuni mu nywele anaita Yesu. Bote banakimbia nje, mi nikabaki ndani. Nikasema: ni yeye anajigeuza.

13, posho
Tania alionyesha tetemeko. Mustari ulijaa karatasi nzima. "Na baba w…", nikaanza. Nikasema: "Na kile kidogo cha asubuhi?" "Kingali, Koko." Basi.

16
Homa.

18
Homa. Émilienne ananinywesha dawa, ananiosha mugongo. Hatusemi.

27, posho
Leo ndiyo siku.

Nilikuwa nje juu ya mukeka, miguu bado ni kama ya muntu mwingine. Cassilde aliniletea uji. Tania akaja na wenzake babili, uso umeanguka.

"Koko, imenyamaza. Tangu ulipougua hakuna kitu. Hata kidogo."

Nikawaza: alichoka kungoja. Aliita, mi sikujibu.

Cassilde akacheka. "Hata kinu kimepumzika! Batoto, hamujue? Koko yenu anatwanga kinu kitupu kila asubuhi, pale pale karibu na dudu lenu. Mi nilizani ni dawa yenu Babembe."

Bale wenzake bakacheka. Tania hakucheka. Aliangalia kinu. Aliangalia mahali Sikio imezikwa. Ni hatua za kuku tu, toka hapa paka pale.

"Koko, ulikuwa unatwanga nini?"

"Sombe."

Hakubishana. Aliunga waya, akamwambia mwenzake atazame komputa, akachukua mutwangio, akapiga.

"Iko!" yule mutoto akapiga kelele. "Tania, ni yenyewe! Ni ile ile!" Alikuwa anafurahi. Hakujua.

"Koko, kuja uone," Tania alisema. Sauti ilikuwa ndogo. Nikasimama, nikajivuta. "Sasa piga weye. Vile unapigaga."

Nikapiga, kwa ginsi yangu. Mustari ukaamuka, ukapanda, ukashuka, ukapanda. Nilijifunza kusoma nikiwa na mvi, lakini ile niliisoma bila mwalimu. Ilikuwa mukono wangu.

"Na yeye?" nikauliza.

"Nani, Koko?"

"Mwenye anajibu."

Tania aliweka mukono ku mudomo. Alitazama kinu, akanitazama, na nikaona kwamba amejua yote. Bale wenzake, Mungu abariki wazazi babo, balibeba komputa bakaenda kukaa kule ku mihogo.

"Koko, hakuna mwenye anajibu. Ni weye peke yako."

Nilimufukuza. Nikamwambia atoke mu lupango yangu na chuma chake, atoke na vitabu vyake, nisimuone. Hakutoka. Alikaa chini mu matope na nguo ya shule, akaanza kulia. Si kulia kwa binti mukubwa. Alilia na mudomo wazi kama mutoto mwenye ameachwa ku soko, anaita: "Papa! Papa!"

Sikuwa nimesikia akimuita baba yake tangu zile buti zilipofika. Sikuwa nimemuacha amuite.

Émilienne akaingia na karai ya ndagala ku kichwa. Aliona mutoto chini, aliniona na mutwangio. Aliketi mu matope, akamuvuta Tania mu mapaja yake. Cassilde naye akafunga ule mudomo wake. Akachukua karai, akaenda kukausha samaki, kazi ya muntu mwingine, bila kuombwa.

30
Sikupiga.

10, mwezi wa tano
Arlette na Guy bamefika na boti, barabara ya Uvira imekatika na maji. Arlette alikuja kwangu mbele ya kwenda ku shule. Tania alishamwambia. Hakunitolea maneno ya huruma, nilimupendea hiyo.

"Una yote mu komputa?" nikamuuliza. "Tangu muliizika?"

"Yote, Mama."

"Toa kinu changu. Toa pikipiki, toa ziwa, toa upepo. Angalia kama kuko mwingine."

Guy akataka kusema kitu, Arlette akamufinya. Akakaa juu ya kiti changu cha kamba, akafungua, akatafuta. Bugali iliiva, ikapoa. Hakuharakisha.

"Hakuna, Mama."

"Angalia tena."

Akaangalia tena, toka mwanzo. Jasho ilikuwa inamushuka ku shingo.

"Hakuna. Hakuna muntu."

Nikamwambia: "Weye ulizaliwa na mama, hukunidanganya. Bengine balinidanganya juu banipendeze, nikabapa kuku." Nikapasha bugali, tukakula. Nilikula.

11, posho
Ku shule salle, chumba kikubwa cha mikutano, ilijaa. Wazazi, ba université na makaratasi, batoto ku madirisha. Nilikaa na Émilienne, Élie nyuma yetu. Vikundi vya kwanza balisema ya maji ya ziwa na kipindupindu, vizuri.

Tania alisimama. Mbele ya kuanza, mi nilisikia Guy anamwambia afute zile alama za asubuhi mu karatasi yake: ni makelele tu, zinaharibu kazi. Hakufuta. Alionyesha tetemeko la mwezi wa ine, akaeleza limetoka wapi chini ya ziwa, ba université bakatikisa vichwa. Kisha akaweka kijiti chake cha kuonyesha ku vile vidogo.

"Hivi, sisi tulisema vinatoka chini. Tulikosea. Hatukuuliza bantu banakaa pale banafanyaga nini asubuhi."

Muzee mumoja wa université akauliza: "Na chanzo chake ni nini, mademoiselle?"

"Ni koko yangu. Anapiga kinu."

Bakacheka, salle nzima. Kicheko kizuri, hakikuwa na ubaya. Tania akangoja kikaisha.

"Anaita baba yangu," akasema. "Alibaki mu shimo ya Misisi."

Nilisikia mvua ku mabati. Mu salle ile kila familia ina muntu wake mwenye hakurudi, wa vita, wa ziwa, wa shimo. Hakuna mwenye aliangalia mwenzake. Tania alibaki pale mbele na kijiti chake, na nikaona hana muntu wa kumushikilia.

Nikasimama. "Ni mi," nikasema. "Mutoto amesema kweli. Mumupe alama zake." Halafu nikageuka. "Élie."

"Shemeji."

"Tafuta mugomba."

Émilienne alinishika mukono. Alikaza paka pete yangu ikaniumiza. Sikumutoa.

18, posho
Tumemuzika.

Élie alileta mugomba mufupi. Nikamwambia: "Eugène alikuwa murefu kuliko weye na hasira zako zote, rudi ukate mwingine." Akarudi, analia anacheka. Ule wa pili ulikuwa sawa. Émilienne aliuvalisha shati, akafunga kifungo kimoja kimoja, hakuacha muntu amusaidie. Nilibeba upande wa kichwa. Ulikuwa muzito, na maji yake yalishuka ku kitambaa changu. Maji ya mugomba haitokagi mu nguo. Isitoke.

Émilienne alilia. Mulima wote ulisikia. Cassilde alimushikilia kiuno asianguke mu shimo, na yeye mwenyewe analia bake, bale ba Burundi bote. Mi nililia mwisho, sauti ilitoka pahali sikujua.

Arlette na Guy balikuja. Guy alichukua jembe, akafunika paka mwisho.

Halafu Tania na kopo ya rangi, mbele ya musalaba wa mbao. Aliandika jina vizuri. Akafika ku tarehe ya kufa, akasimama. Élie akasema masika ile, mwezi wa kumi na moja. Émilienne akasema wa kumi na mbili. Bakaanza kubishana. Hakuna mwenye ajua.

"Koko?" Tania akauliza. "Niandike gani?"

"Andika ya leo," nikamwambia. "Paka asubuhi hii, alikuwa mutoto wangu mwenye amechelewa."